Uvimbe wa pituitari: dawa kabla ya upasuaji zinaulainisha au zinaukaza?

#1 Fomalini10
Wakuu, habari za jioni. Huku kusini kuna kauli inarudiwa sana wodini na kwenye barua za rufaa: mgonjwa wa uvimbe wa pituitari (tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo) anayesubiri kupasuliwa asipewe dawa, maana dawa inaukaza uvimbe ukawa kama usumba, na daktari akishapenya puani akafika kwenye tezi anakuta kitu hakikwanguliki wala hakinyonyeki. Wapo wengine wanaapa kinyume chake, kwamba dawa inaulainisha na kazi inakuwa nyepesi. Wote wanasema "dawa". Hakuna anayetaja dawa ipi, uvimbe wa aina gani, wala mgonjwa ameitumia kwa muda gani.

Naomba wanaolijua hili walitenganishe. Nini hasa kinatokea ndani ya kinyama chenyewe, yaani kile kipande kinachotolewa? Na sisi tunaopokea vinyama maabara tutarajie nini kwenye slaidi?

#2 Mikindani Bandarini
Kabla hatujafika mbali: kama ni uvimbe unaotoa prolaktini (homoni ya maziwa), unapasua nini? Ule dawa ndiyo tiba yake ya kwanza. Upasuaji mara nyingi ni kwa aliyeshindwa na dawa, asiyezivumilia, anayevuja maji ya ubongo, au ambaye macho yanazidi kuzima huku anameza. Nusu ya ubishi huu usingekuwepo watu wangepima prolaktini kabla ya kuandika rufaa.

#3 Daktari wa Nyanda
Nakazia #2. Tuanze na huo wa prolaktini maana ndiko ushahidi uliko mwingi.

Bromokriptini na kabagolini zinashika vipokezi vya dopamini aina ya D2 juu ya seli za uvimbe. Ndani ya saa chache seli inaacha kumwaga prolaktini, kisha inaacha na kuitengeneza. Seli ambayo haitengenezi haina haja ya kiwanda kikubwa, kwa hiyo mitambo yake ya ndani inamomonyoka na seli nzima inasinyaa. Uvimbe unapungua hasa kwa sababu kila seli imepungua ukubwa. Zinazokufa zipo, ila si hizo zinazoleta mabadiliko makubwa ya mwanzoni. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuanza kuona vizuri ndani ya siku chache, wakati picha ya MRI inahitaji wiki hadi miezi kuonesha tofauti ya kueleweka. Na ndiyo maana akiacha dawa mapema uvimbe unarudi: seli zilikuwa zimenywea tu.

Dozi kwa wasiozijua: bromokriptini huanzwa na miligramu 1.25 usiku pamoja na chakula, ikapandishwa taratibu hadi 2.5 mara mbili au tatu kwa siku. Kabagolini huanzwa na 0.25 mara mbili kwa wiki. Mgonjwa akishafika miligramu 2 kwa wiki, prolaktini ikagoma kushuka na uvimbe ukagoma kupungua hata nusu, hapo ndipo tunaanza kusema uvimbe ni sugu.

#4 Korosho Ghafi
Prolaktini ikizidi 100 si tayari ni uvimbe wa prolaktini? Kwa nini mnazunguka?

#5 Mikindani Bandarini
@Korosho Ghafi hapo umechapia, na hilo ndilo kosa linalopeleka watu kwenye dawa isiyowahusu. Uvimbe wowote mkubwa unaobana kikonyo cha pituitari unazuia dopamini kushuka kutoka kwenye ubongo, na prolaktini inapanda kidogo hata kama uvimbe wenyewe hautoi homoni yoyote. Kupanda huko mara nyingi kunaishia chini ya nanogramu 100 kwa mililita. Metoklopramidi, haloperidoli na risperidoni nazo zinaipandisha, na risperidoni inaweza kuivusha 100 pasipo uvimbe wowote. Uulize dawa anazotumia kabla ya kuandika jibu.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Uvimbe mkubwa sana, prolaktini inasoma 80, unashangaa. Homoni imejaa kupita kiasi hadi kipimo kinazidiwa na kutoa namba ya uongo. Mwambie mtu wa maabara aichanganye sampuli moja kwa mia arudie. Namba ikiruka, umepata jibu.

#6 Slaidi ya Kusini
@Fomalini10, kwenye hadubini uvimbe wa prolaktini uliokaa kwenye dawa unaweza kukupoteza kabisa. Ambao haujaguswa na dawa una seli kubwa kiasi, saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) ya kutosha, kiini chenye nukta inayoonekana. Ukishakaa kwenye bromokriptini au kabagolini, saitoplazimu inakwisha, unabaki na viini vidogo, vyeusi, vilivyosongamana. Asiyeambiwa kuhusu dawa anaandika limfoma (saratani ya seli za limfu), au anafikiria seli za plazima. Kwenye kinyama kilichogandishwa haraka wakati mgonjwa bado yuko mezani ni hatari zaidi, maana huna rangi za ziada na daktari anasubiri jibu huku amevaa glavu.

Halafu katikati ya seli unakuta utepe wa waridi: kovu, hasa kuizunguka mishipa ya damu. Rangi ya trikromu ya Masson inaitoa vizuri, kolajeni (nyuzi za kovu) inakuwa buluu au kijani kutegemea chupa uliyonayo. Mara nyingine unakuta madoa ya damu ya zamani, chembe za chokaa, hata amiloidi (protini iliyoganda kati ya seli).

Cha kuangalia: dawa haigusi seli zote sawasawa. Kwenye slaidi moja unaweza kuwa na eneo lililonywea na pembeni yake eneo lenye seli zilizonona kana kwamba mgonjwa hajawahi kumeza kidonge. Ukipewa kipande kimoja tu, jibu lako linategemea kimetoka upande upi.

#7 Mkasi Mdogo
Upande wa mezani. Uvimbe wa kawaida wa pituitari ni laini. Ukishafungua utando wa chini ya tezi unajitokeza wenyewe, unakwangua kwa kijiko cha pete, mashine inanyonya, umemaliza. Uliojaa kovu haukwanguliki. Ukiuvuta unavuta na vitu ulivyoshikamana navyo: tezi nzima iliyobaki, utando wa araknoidi wa juu unaozuia maji ya ubongo, ukuta wa pembeni ambako mshipa mkubwa wa karotidi unapita. Inabidi ukate kidogo kidogo kwa mkasi, au uwe na kifaa cha kuvunja nyama kwa mawimbi ya sauti. Muda unakuwa mrefu, unaacha mabaki, na uwezekano wa maji ya ubongo kuvuja unaongezeka.

Na ndiyo, waliotumia bromokriptini muda mrefu ndio wanaotajwa zaidi kwa hilo. Landolt na wenzake waliandika mwaka 1984 kuhusu kovu kuzunguka mishipa kwenye uvimbe wa prolaktini uliopewa bromokriptini. Kauli ya #1 haikuzuka tu. Mimi msimamo wangu ni kwamba kama upasuaji umeshaamuliwa, usimwache mgonjwa akakaa miaka kwenye bromokriptini akisubiri foleni.

#8 Kisima cha Mitengo
Mkasi Mdogo, nakuheshimu ila hesabu hiyo ina tundu. Nani anapasuliwa baada ya kutumia dawa miaka? Ni yule ambaye dawa imemshinda. Waliopona kwa dawa hawaji mezani kwako, vinyama vyao hakuna aliyewahi kuvikata. Unalinganisha uvimbe sugu na uvimbe wa kila aina halafu unailaumu dawa. Pengine uvimbe wenye kovu nyingi tangu awali ndio unaokataa dawa.

Tena kovu lipo hata kwenye uvimbe wa prolaktini ambao haujawahi kuonja dawa. Amiloidi na chokaa pia. Wanaume wanakuja wamechelewa, na uvimbe mkubwa uliokaa miaka, umeshavuja damu ndani yake mara kadhaa, na kila damu iliyoganda inaacha kovu. Umri wa uvimbe unaweza kuwa ndio mkosaji, dawa ikasingiziwa.

#9 Slaidi ya Kusini
@Kisima cha Mitengo hoja nzuri lakini haifuti yote. Uvimbe usiotoa homoni ukipewa bromokriptini hauonekani kupata kovu kwa kiasi hicho. Ingekuwa ni umri tu, nao ungekuwa umekauka vilevile, maana huo ndio unaochelewa kugunduliwa kuliko yote. Inaonekana kovu linafuata pale dawa ilipofanya kazi: seli zinasinyaa, nafasi inabaki kati ya mishipa na seli, kolajeni inajaza.

#10 Kisima cha Mitengo
Kwa maelezo yako basi aliyeitikia dawa vizuri ndiye angekuwa na kovu zaidi, na aliyegoma awe laini. Mkasi Mdogo anatuambia walewale waliogoma ndio wagumu. Mmoja wenu anadaiwa maelezo.

#11 Mkasi Mdogo
Umesahau #6: kwenye uvimbe mmoja kuna eneo lililoitikia na eneo lililogoma. Mgonjwa analetwa kwa sababu ya lile lililogoma, mimi nafika nimekwama kwenye lile lililoitikia. Hakuna anayedaiwa.

#12 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Naona mnazitaja bromokriptini na kabagolini kama kitu kimoja. Maandiko ya karibuni yanaonesha kovu linaambatana zaidi na bromokriptini kuliko kabagolini. Ila hata hapo kuna mkanganyiko: bromokriptini ni ya zamani, waliopasuliwa zama zake walikaa nayo muda mrefu, vyombo navyo vilikuwa vya zamani.

Kwa upande wa dawa zenyewe, kabagolini inakaa mwilini, nusu yake inaondoka baada ya saa 65 hivi. Ndiyo sababu inamezwa mara mbili kwa wiki. Bromokriptini inaisha haraka. Mgonjwa akiisahau siku chache, prolaktini inaanza kupanda na seli zinaanza kunona tena. Kwa mtu wa Nachingwea anayefuata dawa mjini kila mwezi, tofauti hiyo si ndogo.

Jingine ambalo halisemwi. Chupa ya kabagolini ina kifuko au kifuniko cha kunyonya unyevu. Vidonge vikihamishiwa kwenye bahasha ya karatasi, kwa unyevu wetu wa Februari na Machi, vinaharibika. Mgonjwa anarudi prolaktini haijashuka, anaandikiwa "sugu", anapelekwa kupasuliwa. Mpeni chupa nzima, au vidonge vichache pamoja na chupa yake.

#13 Nesi wa Newala
@Mfamasia hapo umegonga. Naongeza: wengi hawaachi kabagolini kwa ukaidi. Wanainuka kitandani wanaona kizunguzungu, kichefuchefu, wanaamua dawa ni kali. Aimeze usiku, ale kwanza, ainuke taratibu asubuhi. Ndugu waambiwe pia waangalie tabia: mtu aliyekuwa mtulivu akaanza kucheza kamari au kununua ovyo hela zote za mnada wa korosho, hilo linajulikana kwa dawa hizi, lisichukuliwe kuwa karogwa.

#14 Korosho Ghafi
Hela za mnada zinaisha hata bila kabagolini dada 😂

Haya, tuacheni prolaktini. Wale wanaokua mikono na taya, viatu havitoshi? Kwao dawa inakaza au inalainisha?

#15 Daktari wa Nyanda
Akromegali. Hapo dawa ni nyingine: oktreotidi au lanreotidi, za sindano, zinashika vipokezi vya somatostatini, hasa namba 2. Homoni ya ukuaji inashuka, uvimbe unapungua kwa baadhi, si wote, na mara nyingi kiasi cha wastani. Usitegemee kile kinachotokea kwa prolaktini.

Kwenye ubishi wa kupasua, Wanorwe walitoa utafiti mwaka 2008: wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa oktreotidi ya muda mrefu (ile inayochomwa mara moja kwa mwezi) kwa miezi 6 kabla, jingine likapasuliwa moja kwa moja. Kwa wenye uvimbe mkubwa, waliodhibitiwa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 50 kwa waliopewa dawa na 16 kwa wasiopewa. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaosema "anza na sindano".

Sababu nyingine ya kuanza na sindano haihusu uvimbe kabisa: ulimi mkubwa, koo lililonenepa, kukoroma na kukata pumzi usingizini, moyo uliotanuka, sukari. Mtaalamu wa usingizi anakushukuru kama hayo yamepungua kidogo kabla hajaingiza mrija.

#16 Kisima cha Mitengo
Waambie na lililobaki. Walipimwa miezi mitatu baada ya upasuaji. Sindano ya mwezi haiishi siku ya 28 kwa saa, inaendelea kuvuja kidogo kidogo kutoka kwenye kitako. Kuna wanaosema sehemu ya ile 50 ilikuwa dawa iliyobaki mwilini inahesabiwa kuwa upasuaji uliofaulu. Walipofuatiliwa miaka mitano baadaye, tofauti haikuwa wazi kama mwanzo.

#17 Daktari wa Nyanda
Hilo sikatai. Ila hata 16 ya kundi la pili ni ndogo mno ukilinganisha na vituo vyenye mikono iliyozoea. Inawezekana sindano inasaidia pale tu ambapo upasuaji wenyewe hauko kwenye kiwango cha juu. Sisi wa huku tujiulize tunampeleka mgonjwa kwa mkono upi na baada ya miezi mingapi ya kusubiri.

#18 Mkasi Mdogo
Kuhusu ulaini: kwa akromegali nimekuwa upande wa wanaosema sindano inalainisha kidogo, lakini ni maelezo ya mkono, hakuna kipimo. Mmoja anasema laini, mwingine anaukuta uleule.

#19 Slaidi ya Kusini
Kwenye slaidi za akromegali mabadiliko ni madogo kuliko ya prolaktini. Seli zimepungua kiasi, kovu kidogo kuzunguka mishipa, na mara nyingi huoni chochote cha kukufanya useme "huyu alichomwa". Kitu kinachobadilika bila kuonekana ni vipokezi: baada ya dawa, kipokezi namba 2 kinaweza kupungua juu ya seli. Ukikipima kwenye kinyama cha aliyechomwa miezi 6 ukakuta hafifu, usiandike kwamba uvimbe haukuwahi kuwa nacho.

Ki-67 hivyohivyo, kwa dawa za prolaktini na kwa sindano hizi. Asilimia ya seli zinazogawanyika inashuka mgonjwa akiwa kwenye dawa. Ukisoma 1 ukaandika "uvimbe mpole", unaweza kuwa umepima nguvu ya dawa. Akiacha, mambo mengine.

Na kuna aina mbili za uvimbe wa homoni ya ukuaji. Wenye chembechembe nyingi (vifuko vya homoni ndani ya seli) unaitikia sindano vizuri. Wenye chembechembe chache, ambao rangi ya CAM5.2 inaonesha vifundo vya keratini pembeni ya kiini, unaitikia vibaya, ni mkubwa, unapenya. Kwenye MRI ya T2 (aina mojawapo ya picha za MRI) ule wa kwanza unaelekea kuwa mweusi, wa pili mweupe.

#20 Mkasi Mdogo
Ngoja hapo. Sisi tunafundishwa uvimbe mweusi kwenye T2 ndio mgumu, mweupe ndio laini. Kwa hiyo unaoitikia dawa ndio mgumu kwangu, na unaogoma ndio mlaini?

#21 Slaidi ya Kusini
Kwa akromegali ndivyo inavyoelekea mara nyingi. Weusi wa T2 unaweza kuletwa na kolajeni au na msongamano wa chembechembe, picha haikuambii ni kipi. Ndiyo maana siipendi ile kauli ya "dawa imekaza". Mgonjwa alichaguliwa kupewa sindano kwa sababu picha ilikuwa nyeusi, akafika mezani mgumu, dawa ikabeba lawama.

#22 Kisima cha Mitengo
Asante. Hicho ndicho nilikisema #8 mkaniona mkorofi.

#23 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Sindano zenyewe zinaharibiwa sana na namna ya kuzitunza. Oktreotidi ya muda mrefu inakaa friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Siku ya kuchoma unaitoa nusu saa hadi saa nzima kabla ipate joto la chumba. Unaingiza maji yake kwenye unga, unaacha dakika 5 unga ulowane wote, ndipo unatikisa kwa kiasi, huipigi. Ikishachanganyika unachoma papo hapo, ndani kabisa ya msuli wa kitako, kamwe si begani wala mshipani. Ukiichanganya ukaenda kuitika simu, inatuama na sindano inaziba. Nusu ya dozi inabaki kwenye bomba. Mgonjwa anaambiwa miezi 6 kachomwa, kumbe kapata mitatu.

Lanreotidi imeshajazwa kwenye bomba. Nusu saa nje ya friji, chini ya ngozi kwa kina, robo ya juu ya nje ya kitako, unasukuma polepole kama sekunde 20.

Umeme ukikatika usifungue friji ovyo, weka vipande vya barafu vya kibebea chanjo ila visigusane na boksi la dawa.

#24 Korosho Ghafi
Gesi inatoka Mnazi Bay, umeme unakatika Shangani. Endeleeni tu.

#25 Nesi wa Newala
😅 Turudi kwa mgonjwa. Aliyeanzishwa kabagolini kwa uvimbe mkubwa akirudi nyumbani, ndugu wapewe mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza: maji maangavu yanayotoka pua moja, yana ladha ya chumvi kooni, yanaongezeka akiinama. Uvimbe ulikuwa umekula mfupa wa chini ya fuvu na wenyewe ndio ulikuwa kizibo. Dawa imeunywesha, tundu limebaki wazi. Watu wanadhani ni mafua, wanapewa setirizini. Kesho yake ni homa ya uti wa mgongo. Asipenge kwa nguvu, alale kichwa kimeinuliwa, aende hospitali kubwa siku hiyohiyo. Huyu anahitaji kuzibwa, na hapo upasuaji unafanywa hata kama dawa inafanya kazi vizuri.

La pili: kichwa kinachopasuka ghafla, kutapika, jicho kushindwa kusogea au kope kuanguka, kuona giza. Uvimbe umevuja damu ndani au umekufa sehemu. Presha inaweza kushuka kwa sababu kotisoli, homoni inayosaidia kuishikilia presha, imekatika.

#26 Daktari wa Nyanda
@Nesi sawa kabisa. Kwa hilo la pili, haidrokotisoni miligramu 100 mshipani kabla ya kitu kingine, halafu 50 kila saa sita, maji ya chumvi, ndipo mpange safari ya Dar. Usimpandishe kwenye gari kilomita mia tano na zaidi bila hiyo. Kotisoli inatangulia na homoni ya thairoidi inafuata. Ukigeuza mpangilio unaweza kumwangusha.

#27 Mikindani Bandarini
Tukiwa kwenye thairoidi: upo pia ule uvimbe ambao si uvimbe. Mgonjwa thairoidi imekufa zamani, pituitari imetutumka kwa kuhangaika kuiamsha, MRI inaonesha kitu kimejaa, prolaktini imepanda kidogo. Mpe thairoksini miezi kadhaa, kinanywea chenyewe. TSH, homoni ya pituitari inayoiamsha thairoidi, ni kipimo rahisi kuliko MRI na mtu ameokolewa pua yake.

#28 Slaidi ya Kusini
Na Cushing hamjaigusa, yaani uvimbe wa pituitari unaotoa homoni ya ACTH na kupandisha kotisoli. Ketokonazoli na metiraponi zinakata kotisoli kwenye tezi za juu ya figo, haziugusi uvimbe wa pituitari moja kwa moja. Lakini kinyama kinabadilika: kotisoli nyingi huwa inajaza keratini (protini ya nyuzi) kwenye seli za kawaida za ACTH zilizo jirani, tunaita mabadiliko ya Crooke, na ni dalili yetu nzuri kwamba kotisoli ilikuwa juu kweli. Mgonjwa akikaa kwenye dawa kotisoli ikiwa ya kawaida kwa muda, mabadiliko hayo yanaweza kupungua. Ukikosa uvimbe kwenye kinyama na ukakosa Crooke, usikimbilie kusema utambuzi ulikuwa wa uongo. Uliza dawa.

#29 Mkasi Mdogo
Na baada ya upasuaji wa Cushing tunategemea kotisoli ianguke hadi chini kabisa, ndiyo alama ya kufaulu. Aliyedhibitiwa na dawa muda mrefu, seli zake za kawaida zilishaamka. Umetoa uvimbe wote, kotisoli haianguki, unadhani umebakiza. Unaweza kumrudisha mtu mezani bure.

#30 Fomalini10
Shukrani wakuu. Sasa la kazi yangu: fomu ya maabara iandikwe nini, na kinyama kije vipi? Vinakuja vimefungwa kwenye shashi kavu.

#31 Slaidi ya Kusini
Shashi hapana, inakausha na kunyonya vipande vidogo. Maji ya chumvi nayo hapana. Fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa (iliyowekewa chumvi za kuzuia asidi), ujazo mara kumi ya kinyama. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini nzito, 900 za maji yaliyochujwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili, gramu 6.5 za ile ya haidrojeni moja isiyo na maji. Isiyotulizwa inageuka asidi na kuacha madoa ya kahawia yanayochanganya na damu ya zamani. Usikibane kwa koleo. Seli zilizonyweshwa na dawa zikibanwa zinasambaa kama michirizi na hakuna kusoma tena. Kama kuna kipande cha kutosha, kigusishe kwenye slaidi mbili kabla ya fomalini.

Fomu: jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho kumeza au kuchomwa, prolaktini ya kabla na ya sasa, uvimbe ulipungua au la. Metoklopramidi na dawa za akili pia ziandikwe. "Pituitary mass" peke yake haitoshi. Kama mnaweza kupata rangi za kinga (zinazotumia kingamwili kutambua protini za seli), anzeni na Pit-1 na prolaktini. Prolaktini inaweza kuwa hafifu kwa sababu ya dawa, Pit-1 inabaki kukuonesha ukoo wa seli.

#32 Mkasi Mdogo
Nabaki na msimamo: upasuaji ukishaamuliwa, kabagolini wiki au miezi michache sawa, miaka hapana.

#33 Kisima cha Mitengo
Nami nabaki: nioneshe walioitikia dawa halafu wakapasuliwa hivyohivyo, ndipo tulinganishe.

#34 Korosho Ghafi
Swali dogo kwa mfamasia. Kabla ya siku ya upasuaji dawa isimamishwe siku ngapi?

#35 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Kabagolini hata ukiisimamisha wiki moja bado ipo. Bromokriptini ukiisimamisha mapema, uvimbe unaanza kunona mgonjwa akiwa njiani, na macho yanaweza kurudi nyuma, kwa hiyo asiache mpaka daktari atakayempasua aseme. Oktreotidi ya mwezi haisimamishwi, iliyoingia imeingia. Mwambieni mtu wa usingizi tarehe ya sindano, maana inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kuyumbisha sukari mezani.